Grisi ya Kupakwa Kama Wanja

Pikipiki imesimama kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma liko hewani. Nati ya ekseli upande wa kulia imeshafunguliwa, bolti inayobana upande wa kushoto imelegezwa, na ekseli inatoka taratibu huku ikizungushwa kwa mkono. Gurudumu linavutwa kushoto sentimita chache tu, linaachia. Katikati ya kitovu chake kuna duara la meno ya chuma, na kwenye difu iliyobaki pale kwenye pikipiki kuna duara jingine linaloshikana nalo. Fundi anapitisha kidole kwenye meno. Kidole kinatoka na unga mwekundu wa kahawia, laini kama poda. Asiyejua angesema ni vumbi la barabara ya murram. Kumbe ni chuma cha meno hayohayo, kimesagika chembe kwa chembe kwa miaka, bila sauti, na bila dalili ambayo dereva angeihisi akiwa juu ya kiti.

Pikipiki yenyewe ni BMW R75/5, mojawapo ya zile zilizosanifiwa na kikosi cha Hans-Günther von der Marwitz na kutengenezwa Spandau, Berlin, kuanzia 1969 hadi 1973. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 745, na silinda zake mbili zimetokeza moja kulia, moja kushoto, zikipozwa na upepo wa njiani. Mpangilio huo wa silinda zinazopeana mgongo huitwa boxer. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala neno hilo analijua kwa sababu nyingine: Boxer yake ni ya Bajaj, silinda moja, cheni nyuma, mbeba abiria na magunia. Jina ni moja, mashine ni mbili tofauti kabisa, na tofauti inayohusika hapa iko kwenye njia inayopitwa na nguvu kutoka injini hadi gurudumu.

Cheni haina siri. Dereva wa bodaboda huiona kila asubuhi na kuisikia siku nzima. Ikikauka inalia, ikilegea inapigapiga, na meno ya sproketi yakichongoka hata mpita njia anaona. Kijiweni hakosekani mtu wa kumwambia mwenzake kwamba cheni imekwisha. Shafti, ambayo BMW hutumia badala ya cheni, haina wa kuisemea. Imo ndani ya bomba la chuma, kimya, safi, haimwagii suruali oili. Kwa sababu hiyo ilisifiwa tangu mwanzo kuwa haihitaji matunzo, na sifa hiyo, ambayo ni kweli kwa sehemu kubwa, imeua meno mengi kuliko safari ndefu zilivyoua.

Wazo la shafti lilitangulia BMW. Kampuni ya FN ya Ubelgiji ilikuwa ikiuza pikipiki ya silinda 4 yenye shafti tangu 1905. Lakini aliyelipa umbo lililodumu ni Max Friz, mhandisi wa injini za ndege ambaye Mkataba wa Versailles wa 1919 ulimwondolea kazi aliyoijua, maana Ujerumani ilikatazwa kutengeneza injini hizo. Mwaka 1923 ilizinduliwa R32 aliyoibuni: sentimita za ujazo 494, nguvu ya farasi 8.5. Friz aliilaza injini ili mhimili wake uelekee nyuma, klachi ikafuata, kisha giaboksi, kisha shafti, vyote kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nguvu haipindi kona hata moja mpaka ifike kwenye difu. Ukiuangalia mchoro wake leo unaona mtu aliyefikiri kwa utulivu mkubwa.

Wazo hilo lilivuka hata mstari wa vita. Jeshi la Marekani, likitafuta chombo cha jangwani ambako mchanga hutafuna cheni, liliagiza kwa Harley-Davidson pikipiki yenye shafti kwa mfano wa BMW. Ndiyo XA ya 1942, na zilitengenezwa takriban 1,000. Warusi nao waliiga R71 ya Wajerumani wakapata M-72, na ukoo wake ukaendelea katika Ural.

Sasa, mstari huo ulionyooka una viungo, na kila kiungo lazima kishike bila kufungwa moja kwa moja. Pleti ya klachi inapaswa kuzunguka pamoja na shafti ya giaboksi, lakini wakati huohuo iweze kuteleza juu yake mbele na nyuma. Gurudumu linapaswa kuzungushwa na difu, lakini litoke kirahisi siku ya pancha. Jibu la wahandisi ni meno: mifereji iliyochongwa kwa urefu juu ya shafti, inayoingia kwenye mifereji mingine ndani ya kitovu. Mafundi huyaita splaini, au meno ya shafti tu.

Kwenye BMW za ukoo huu, mwenye pikipiki anapaswa kujua seti tatu za meno. Moja iko nyuma ya shafti, kwenye kiungo kinachokutana na difu. Hiyo haina shida. Tangu 1955 shafti imekaa ndani ya mkono wa kulia unaobeba gurudumu, na humo ndani kuna oili, mililita 100 au 150 kutegemea mwaka wa pikipiki. Giaboksi ina oili yake, mililita 800. Difu ina yake, mililita 250. Mwenye pikipiki anabadilisha oili hizo zote tatu kwa mpangilio, anafuta mikono, na anaamini kwamba kila kinachozunguka kati ya injini na gurudumu kimelowa.

Seti mbili zilizobaki ni kavu. Moja iko katikati ya klachi, ambayo ni klachi kavu, na nyingine iko katikati ya gurudumu la nyuma, ndani ya dramu ya breki. Hazikusahauliwa na waliozichora. Hakuna oili hapo kwa sababu haiwezi kuwekwa. Pleti ya klachi ikilowa inateleza. Breki shuu zikilowa hazishiki, na pikipiki ya kilo 200 na ushee haisimami. Kwa hiyo chuma kinachohitaji mafuta kuliko vyote kimewekwa sentimita chache kutoka kwa vitu viwili ambavyo mafuta kwao ni sumu. Anayelielewa hilo ameielewa kazi yote. Mengine ni spana na uvumilivu.

Kinachoyala meno haya si msuguano wa kawaida, na hapa panataka maelezo, kwa sababu ukiyaangalia utasema hayasogei. Yamebanana. Lakini kila mlipuko ndani ya silinda ni pigo, na kila dereva anapofungua na kufunga moto, jino linahama kidogo mno, sehemu ndogo ya unene wa unywele, kisha linarudi. Mwendo huo ni mdogo kiasi kwamba hauwezi kurudisha grisi mahali ilipobanwa ikatoka. Chuma kinagusana na chuma. Vichwa vidogovidogo vya uso wake vinashikana, vinakatika, na chembe zilizokatika zinakutana na hewa na kuwa kutu. Kutu hiyo ni ngumu, na inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inakaa katikati ya meno kama msasa. Kikulacho ki nguoni mwako: meno yanasagwa na unga wao wenyewe.

Wahandisi walilijua jambo hili kwa uchungu mapema katika karne ya 20. Miaka ya 1930 nchini Marekani, magari mapya yaliyosafirishwa mbali kwa treni yaliteremshwa yakiwa na beringi za magurudumu zilizoumia. Magurudumu hayakuzunguka hata mara moja njiani. Yalitikisika tu, siku baada ya siku, juu ya reli, na mitikisiko hiyo midogo ikachimba vishimo kwenye chuma kipya. Mwaka 1939 watafiti watatu wa Uingereza, Tomlinson, Thorpe na Gough, walichapisha uchunguzi wao juu ya nyuso za chuma zilizobanana na zinavyoliwa hivyo. Inashangaza hadi leo kwamba kitu kinaweza kuharibika kwa kutosogea vya kutosha.

Mafuta yanayofaa hapo hayawezi kuwa grisi yoyote iliyo karibu. Grisi laini ya beringi ikipata joto na mzunguko hurushwa pembeni, na pembeni ndiko ziliko breki shuu na pleti ya klachi. Kinachotakiwa ni kitu kizito, chenye kung'ang'ania, na chenye chembe zitakazobaki kazini hata mafuta yenyewe yakibanwa yote yakatoka. Chembe hizo ni za molibdenamu na salfa. Madini yake ni meusi, yanateleza kidoleni, na kwa karne nyingi watu waliyachanganya na grafaiti na madini ya risasi. Hata jina molibdenamu limetokana na neno la Kigiriki la risasi. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden ndiye aliyeyatenga mwaka 1778 akaonyesha kwamba ni kitu kingine kabisa.

Uzuri wake uko kwenye umbo. Ni matabaka: safu ya molibdenamu katikati, salfa juu na chini, na kila tabaka linashikana na jirani yake kwa nguvu hafifu sana. Ukiyabana kutoka juu yanavumilia mzigo mkubwa. Ukiyasukuma kwa ubavu yanateleza kama karatasi kwenye mkeka. Hayahitaji majimaji ili yafanye kazi, ndiyo maana hutumika hata kwenye mitambo ya anga za juu ambako oili ingegeuka mvuke ikapotea. Wenye pikipiki za zamani Marekani walizoea kutumia kikopo cha Honda chenye asilimia 60 ya chembe hizo, na wengi hadi leo huchanganya mafuta ya namna hiyo na grisi nzito ili yashike vizuri zaidi.

Na kiasi? Hapa ndipo wengi wema wanapoharibu. Mtu anayependa pikipiki yake hujaza meno kwa grisi akidhani anaifadhili, kumbe ametega mtego ndani ya breki. Meno husafishwa kwanza mpaka chuma king'ae, kwa mswaki na dawa ya kuondoa mafuta, kila mfereji peke yake. Unga mwekundu wote utoke, kwa sababu ukipakia grisi juu yake umetengeneza msasa laini. Kisha mafuta hupakwa kama wanja: mstari mwembamba, mahali pake, bila kuvuka ukingo. Gurudumu likirudishwa, kinachojitokeza kando ya meno kinafutwa kwa kitambaa. Anayefungua dramu ya zamani asipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa, maana breki shuu za enzi hizo zilikuwa na asbestosi. Kitambaa kibichi kinatosha.

Kazi ya gurudumu huchukua chini ya saa moja, na njia rahisi ya kutoisahau ni kuifunga na kazi nyingine: kila tairi linapobadilishwa, meno yanapakwa. Tatizo ni kwamba fundi wa tairi hupewa gurudumu peke yake. Yeye hufanya kazi yake vizuri, hulirudisha, na hakuna aliyemwambia kwamba katikati ya lile gurudumu kuna kitu cha kutazamwa.

Klachi ni habari nyingine. Ili kuyafikia meno yake, giaboksi lazima iachane na injini. Betri inatoka, nyumba ya chujio la hewa inatoka, nyaya za klachi na spidomita zinatoka. Kisha mpira ulio nyuma ya giaboksi unasukumwa pembeni, na ndani yake zinaonekana bolti 4 zinazounganisha shafti na giaboksi. Vichwa vyake vina pembe 12 na nafasi ya spana ni finyu. Inafunguliwa moja, gurudumu linazungushwa kwa mkono mpaka nyingine ije mbele ya spana, inafunguliwa hiyo, na kuendelea. Mkono unaobeba gurudumu unalegezwa na kuvutwa nyuma. Hatimaye giaboksi inateleza nyuma kwa upana wa vidole viwili hivi, na kupitia mwanya huo, kwa tochi, yanaonekana.

Watu wengi hawaiondoi kabisa. Mwanya unatosha kwa mswaki uliopindwa shingo. Mtu anapiga magoti kwenye sakafu baridi, mkono mmoja na tochi, mwingine na mswaki, anasugua asichoweza kukiona vizuri, anafuta, anaangalia, anasugua tena. Jioni yote inaweza kwisha hapo. Kilichopakwa ni mafuta ambayo hayafiki nusu ya kijiko cha chai.

Tofauti na gurudumu, klachi hutoa onyo kabla ya kufa, ila inalitoa kwa lugha inayopotosha. Dereva anapokamata wenzo, pleti inapaswa kuteleza kidogo juu ya meno ili iachie pande zote mbili. Meno yakikauka au yakichimbika, pleti inakwama. Haiachii. Gia zinakuwa nzito, zinaingia kwa kishindo, na gia huru haipatikani pikipiki ikiwa imesimama. Mwenye pikipiki anarekebisha waya wa klachi. Anabadilisha oili ya giaboksi. Anaambiwa kwamba giaboksi za zamani ndivyo zilivyo, na anakubali, kwa sababu ni kweli kwamba hazikuwahi kuwa nyepesi. Siku meno yanapopakwa na gia zikaingia kama kisu kwenye siagi, ndipo anapotambua alikuwa akiendesha ugonjwa na kuudhani tabia.

Asipotambua, mwisho wake ni kusimama njiani. Injini inanguruma, gia imeingia, wenzo umeachiwa, na pikipiki haiendi. Pleti mpya ni kitu cha kununua. Lakini shafti inayoingia giaboksi ikiwa nayo imeliwa, giaboksi nzima inafunguliwa, beringi na oilsili zinabadilishwa kwa kuwa zimeshaguswa, na bili inaweza kukaribia bei ya pikipiki nyingine iliyochoka.

Kiwanda chenyewe kilikiri tatizo la nyuma kwa njia ya wahandisi, yaani kwa mchoro mpya. R80G/S ya 1980 ilikuja na mkono mmoja tu wa nyuma, na gurudumu lake linafungwa kwenye difu kwa bolti kama la gari. Meno ya gurudumu yaliondoka. Ndiyo aina aliyoshinda nayo Hubert Auriol mbio za Paris–Dakar mwaka 1981, na ndiyo aliyoizungukia dunia Mnorwe Helge Pedersen kwa miaka 10 katika nchi 77. Meno ya klachi, hata hivyo, yalibaki palepale, makavu vilevile. Na ilipokuja K100 mwaka 1983, yenye injini ya silinda 4 iliyolazwa, meno kati ya shafti na difu yalikuwa yakitegemea grisi ya kupakwa, na wasiojua waliyapoteza.

Pikipiki za aina hii hazichakai upesi. Mwingereza Elspeth Beard, aliyekuwa akisomea usanifu majengo, aliondoka London mwaka 1982 na R60/6 ya 1974 iliyokwishatembea, akaizunguka dunia, akarudi 1984. Silinda, kabureta na umeme wa mashine kama hiyo vinaweza kutengenezwa na fundi yeyote makini aliye kando ya barabara, na vikiharibika vinapiga kelele. Ndiyo maana inauma zaidi kuona moja imekufa kwa kukosa mafuta ya ncha ya mswaki. Haikushindwa na safari. Ilishindwa na heshima iliyozidi, ile ya mtu kuogopa kufungua kitu ambacho hakijaharibika.

Nyingi zimebaki Ujerumani, ambako chombo kilichofika miaka 30 na kutunzwa katika hali yake ya asili kinaweza kupata namba ya usajili yenye herufi H, utaratibu ulioanza 1997. Hukohuko hupatikana pia namba za msimu, zinazoruhusu pikipiki kutembea miezi ya joto tu na kulala kipupwe. Ya mwisho ya ukoo huu wa injini zinazopozwa kwa upepo ilitoka kiwandani Desemba 1996, kwa hiyo hata kitinda mimba wao ni mzee sasa, na pikipiki hizi hubadilisha mikono. Anayeinunua hupewa funguo, kitabu cha huduma na orodha ya oili zilizobadilishwa. Mistari ya oili imejaa tarehe. Mstari wa meno mara nyingi haupo kabisa.

Basi kama unayo moja, au umerithi ya baba, na hujui ni lini meno yake yalipakwa mara ya mwisho, usisubiri dalili. Kwa klachi, wengi huhesabu karibu kilomita 30,000. Kwa gurudumu ni kila tairi jipya. Litoe gurudumu wiki hii, pitisha kidole, na uangalie rangi ya kinachotoka nacho.